Takwimu za watoto walio kizuizini Tanzania

Takwimu za watoto walio kizuizini ni kumbukumbu zinazoonyesha ni watoto wangapi wamenyimwa uhuru wao katika vituo vya polisi, magereza, mahabusu za watoto na shule za maadilisho, kwa sababu gani, kwa muda gani, na mambo gani yamewapata wakiwa humo. Kwa sheria ya Tanzania mtoto ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. Kumbukumbu zake hutunzwa na taasisi ambazo haziko chini ya wizara moja: Jeshi la Polisi, Mahakama, Jeshi la Magereza na ofisi za ustawi wa jamii. Kila taasisi ina daftari lake, na kwa kawaida namba anayopewa mtoto katika daftari moja haimfuati katika jingine.

Jambo hili huonekana kuwa la kiofisi tu, lakini linagusa moja kwa moja usalama wa mtoto. Ukatili kizuizini hutokea mahali palipofungwa, na mashahidi ni mahabusu wenzake au watumishi wa mahali hapohapo. Pasipo kumbukumbu ya saa aliyoingia, hali ya mwili wake alipopokewa na jina la aliyempokea, ni vigumu kujua baadaye kama mkono uliovunjika ulivunjika kabla ya kukamatwa, kituoni au gerezani. Kila ofisi inaweza kuielekezea kidole nyingine, na mara nyingi zote zinakuwa na hoja.

Mfano: kutoka Lusu hadi gerezani

Lusu ni kata ya Wilaya ya Nzega katika Mkoa wa Tabora. Iko upande wa kaskazini wa mji wa Tabora, uliokuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19: kutoka Bagamoyo njia ilifika hapo, kisha ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria. Kata kama hii ni mfano mzuri wa jinsi mtoto anavyopita mikononi mwa watu wengi kabla jina lake halijaandikwa popote.

Tuseme kijana wa miaka 15 anatuhumiwa kijijini kuiba mbuzi. Wa kwanza kumkamata huenda wasiwe polisi. Katika maeneo ya Wanyamwezi na Wasukuma kuna sungusungu, walinzi wa jadi walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika sehemu za mikoa ya Tabora na Shinyanga ili kupambana na wezi wa ng'ombe. Mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yaliwatambua na kuwapa uwezo wa kukamata. Kijana anaweza kukaa saa kadhaa, hata usiku mzima, kwenye ofisi ya kijiji au nyumbani kwa kiongozi wao. Kipindi hicho hakina daftari la mahabusu. Kama amepigwa, amepigwa wakati ambao kiserikali ni kama haupo.

Akifikishwa kituo cha polisi Nzega ndipo maandishi yanapoanza. Taarifa hupewa namba ya RB, jalada hufunguliwa, na jina lake huingizwa kwenye daftari la mahabusu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaweka saa nne kama muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. Masharti yote mawili hupimwa kwa saa ya kuanzia, kwa hiyo yana nguvu tu pale ambapo saa hiyo imeandikwa kwa ukweli. Askari akiandika saa mbili asubuhi kwa kijana aliyeletwa saa mbili usiku uliotangulia, nusu siku imefutika.

Hapo kituoni kuna karatasi nyingine yenye uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, nayo ni fomu ya PF3. Wananchi wanaijua kama fomu ya kumpeleka majeruhi hospitalini baada ya ugomvi au ajali. Mtoto anayepokelewa na jeraha anapaswa kupelekwa kwa daktari na fomu hiyo, na daktari aandike alichokiona. Ugumu unajitokeza pale ambapo aliyemjeruhi ni wa kituo hichohicho kinachotoa fomu. Anayelalamika anapaswa kuiomba karatasi yake kwa yule anayemlalamikia.

Mahakamani, kesi ya mtoto inatakiwa kusikilizwa na Mahakama ya Watoto iliyoundwa na kifungu cha 97 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hakimu anaweza kumwachia kwa dhamana. Dhamana huhitaji wadhamini, wadhamini huhitaji barua ya mtendaji wa kijiji, na barua huhitaji mzazi anayejua kwamba mwanawe amekamatwa. Ndiyo maana sehemu ya daftari isemayo mzazi ameitwa na nani, lini, kwa simu gani, si pambo. Ikiachwa wazi, kijana hukosa wadhamini na hurudishwa rumande, ingawa kosa lake lina dhamana.

Rumande ya wapi? Sheria inaelekeza apelekwe kwenye mahabusu ya watoto au kwa mtu anayefaa chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, siyo gerezani. Lakini mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa na mahabusu za watoto tano tu: Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Mkoa wa Tabora haukuwa na hata moja. Baadaye Mtwara nayo ilipata yake. Kutoka Nzega, hata iliyo karibu zaidi kati ya hizo iko mamia ya kilomita, na mtoto akipelekwa huko lazima arudishwe kila kesi inapotajwa. Kwa hakimu asiye na gari wala fedha ya mafuta, gereza la karibu ndilo linalobaki. Hapo kijana huingia katika daftari la tatu, akiwa na umri ulioandikwa kwenye hati iliyotoka mahakamani.

Umri kama mlango

Hakuna safu katika madaftari haya yenye matokeo makubwa kama safu ya umri. Ikisomeka 17, mtoto anapaswa kuwa na afisa ustawi wa jamii, mahakama yake, na chumba chake mbali na watu wazima. Ikisomeka 18, vyote hivyo havipo. Tena mtoto aliyeandikwa 18 haonekani katika takwimu yoyote ya watoto. Wakaguzi wakifika na kuuliza wako wangapi chini ya miaka 18, mkuu wa gereza atasoma karatasi zake na kujibu kwa nia njema kabisa kwamba hakuna.

Umri hukosewa kwa njia nyingi, na si zote za hila. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2010, ni watoto 16 tu katika kila 100 wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa. Utafiti wa 2015–16 ulikuta wamefikia 26. Watoto hao waliokosa cheti ndio waliokuja kuwa vijana wa kukamatwa miaka iliyofuata. Wengi huhesabu miaka kwa matukio: fulani alizaliwa wakati wa mvua za El Niño, yaani 1997 au 1998, na kwa hiyo mwaka 2011 alikuwa na miaka 13 hivi. Ni kumbukumbu nzuri, ila inamhitaji mama aje aitoe.

Wapo pia vijana wanaojiongezea umri kwa kuogopa kuonekana wadogo mbele ya wenzao, au kwa kusikia kwamba mtoto hukaa ndani zaidi akisubiri afisa ustawi. Na kuna kishawishi kwa upande wa askari, kwa kuwa mtuhumiwa wa miaka 18 ana taratibu chache. Sheria ya Mtoto imeiachia mahakama kazi ya kupima umri penye shaka, kwa kutumia cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rejesta ya shule, cheti cha ubatizo au uchunguzi wa daktari. Kwa vitendo, tarakimu ya kwanza iliyoandikwa na askari wa zamu hunakiliwa kwenye hati ya mashtaka, kisha kwenye hati ya rumande, kisha kwenye daftari la gereza. Kila nakala huipa uzito mpya, na askari wa gereza hana mamlaka ya kuibadilisha hata akimwona mtoto mwenyewe amesimama mbele yake.

Sheria ya zamani iliufanya mstari huo uwe mahali pengine. Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1937, iliyotungwa wakati wa utawala wa Waingereza na kutumika hadi 2009, ililinda waliokuwa chini ya miaka 16. Mwenye miaka 16 au 17 alihesabiwa kuwa mtu mzima. Anayelinganisha idadi za kabla na baada ya 2009 analinganisha makundi mawili tofauti, jambo ambalo husahaulika kwa urahisi katika ripoti.

Ukaguzi wa mwaka 2011

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilianzishwa chini ya ibara ya 129 ya Katiba na sheria yake ya mwaka 2001. Ina mamlaka ya kuingia magerezani na vituoni kukagua. Ripoti yake ya mwaka 2011 kuhusu watoto walio kizuizini, iliyoandaliwa kwa msaada wa UNICEF, ndiyo iliyotoa picha ya kwanza pana ya kitaifa. Wakaguzi walitembelea vituo 65 na kuwakuta watoto 441. Takriban saba katika kila kumi kati yao walikuwa katika magereza ya watu wazima. Waliobaki, asilimia 29, walikuwa katika mahabusu za watoto na katika shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya.

Matokeo hayo yalishtua kwa sababu kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, na kilikuwa kimekwisha kupitishwa. Watoto waliohojiwa walieleza pia kupigwa. Lakini jambo lililobadilisha mjadala lilikuwa tarakimu yenyewe. Kabla yake mtu aliyesema kuna watoto magerezani aliweza kujibiwa kwamba ni wachache, ni wa mkoa fulani, au ni watu wazima waliodanganya umri. Baada yake swali likawa wanatolewaje.

Miaka iliyofuata ilikuwa na hatua kadhaa. Kanuni za mahabusu za watoto zilitolewa 2012. Wizara ya Katiba na Sheria ilitoa mkakati wa miaka mitano wa kuboresha haki ya mtoto kwa kipindi cha 2013 hadi 2017. Temeke, Dar es Salaam, ulianzishwa mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa nyumbani kwao badala ya kizuizini, na Mbeya ikafuata. Kanuni za mwenendo wa Mahakama ya Watoto zilikuja 2016. Haiwezi kusemwa kwamba yote yalizaliwa na ripoti moja.

Idadi ya siku moja na idadi ya mwaka

Watoto 441 ni hesabu ya waliokutwa siku ambayo wakaguzi walifika. Hesabu ya namna hiyo ni rahisi kufanya na ina thamani, lakini ina upogo mmoja unaopaswa kueleweka: huwaona zaidi wanaokaa muda mrefu kuliko wanaopita haraka.

Hesabu ndogo inaonyesha jambo hilo. Chukua gereza lenye watoto 10 kila siku ya mwaka, ambapo kila mmoja hukaa wastani wa siku 180. Kwa mwaka litakuwa limepitisha watoto 20 hivi. Sasa chukua kituo cha polisi chenye watoto 2 kila siku, ambapo kila mmoja hukaa siku 2. Kwa mwaka kitakuwa kimepitisha 365. Mkaguzi anayefika siku moja ataona kwamba gereza lina watoto mara tano ya kituo. Anayesoma daftari la mwaka mzima ataona kwamba kituo kinawapitisha mara kumi na nane ya gereza.

Kwa suala la ukatili tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa saa za kuhojiwa ni miongoni mwa zile za hatari zaidi. Mtoto hupigwa ili akiri au ataje wenzake, na hilo hufanyika kituoni siku ya kwanza au ya pili, siyo mwezi wa tano gerezani. Nchi inayotegemea hesabu ya siku moja huelekeza fedha na macho yake magerezani, ambako kweli kuna tatizo, na kupita pembeni ya vyumba vya mahojiano. Utafiti wa Umoja wa Mataifa juu ya watoto walionyimwa uhuru, ulioongozwa na Manfred Nowak wa Austria na kuwasilishwa mwaka 2019, ulikuta jambo linalofanana duniani: ulikadiria watoto 410,000 kwa mwaka katika mahabusu na magereza, lakini karibu milioni 1 katika vizuizi vya polisi.

Kuna tatizo lingine la kinyume chake. Idadi ya waliokamatwa haiwezi kulinganishwa kati ya mkoa na mkoa bila kujua mkoa una watu wangapi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na Tabora peke yake zaidi ya milioni 3.3. Mkoa wenye watoto wengi utakuwa na waliokamatwa wengi hata kama polisi wake ni wapole, na ndiyo sababu wataalamu hutumia kiwango kwa kila watoto 100,000.

Watoto ambao utafiti wa kaya hauwafikii

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kufanya utafiti wa kitaifa wa aina zote tatu za ukatili kwa watoto: wa kingono, wa kimwili na wa kihisia. Ulifanyika 2009 na kutangazwa Agosti 2011. Vijana zaidi ya 3,700 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walihojiwa. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na karibu robo tatu ya wote walisema walipata ukatili wa kimwili. Utafiti huo ulizaa mipango, ukiwemo Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kama MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22.

Ulikuwa, hata hivyo, utafiti wa kaya. Watafiti huchagua maeneo, huchagua nyumba, hubisha hodi. Aliye gerezani, mahabusu au anayelala stendi hana mlango wa kubishwa. Ni kweli kwamba kijana aliyewahi kukaa ndani na kurudi nyumbani angeweza kuhojiwa, lakini wa namna hiyo ni wachache mno kwenye sampuli kuweza kutoa picha. Kwa hiyo takwimu bora kabisa za ukatili nchini zinanyamaza kuhusu mahali ambapo mtoto hana uwezo wa kukimbia. Kuna pia waliokaa kizuizini bila kutuhumiwa kosa la kawaida: watoto wa mitaani waliokamatwa kwa uzururaji, vijana wa Ethiopia wanaonaswa wakipita kuelekea kusini mwa Afrika, na wachanga wanaoishi na mama zao waliofungwa. Hao wa mwisho hawana kesi, na daftari la gereza linalohesabu wafungwa halina sababu ya kuwahesabu.

Viashiria kumi na vitano

Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu pamoja na UNICEF zilitoa mwongozo wa kupima haki ya mtoto katika kipindi kilekile ambapo Paulo Sérgio Pinheiro wa Brazil alikamilisha, mwaka 2006, utafiti wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Mwongozo huo una viashiria 15. Vingine ni vya hesabu: watoto waliokamatwa, walio kizuizini, wasiohukumiwa bado, muda wanaokaa, vifo vyao, waliochanganywa na watu wazima, waliotembelewa na wazazi. Vinne vya mwisho ni vya sera, na huuliza kama nchi ina ukaguzi huru, njia ya kulalamika, mfumo maalumu wa sheria kwa watoto, na mpango wa kuzuia makosa.

Kinachovutia katika orodha hiyo ni kwamba kipigo chenyewe hakimo miongoni mwa vya kuhesabiwa. Idadi ya vipigo ikiombwa ofisini, jibu huenda likawa sifuri. Orodha hupima mazingira ambamo kipigo hutokea au huzuiwa: siku ngapi kabla ya hukumu, nani analala chumba kimoja na nani, mzazi amekuja au hajaja. Hayo karani wa kawaida anaweza kuyaandika bila kujihukumu wala kumhukumu mwenzake.

Kanuni za Havana za 1990, zinazohusu watoto walionyimwa uhuru, ziko karibu zaidi na daftari lenyewe. Zinataka kila kituo kiandike utambulisho wa mtoto, sababu na mamlaka ya kumweka ndani, siku na saa ya kuingia, kuhamishwa na kutoka, taarifa zilizotolewa kwa wazazi, na matatizo ya afya yanayojulikana. Zinataka pia achunguzwe na daktari mara anapopokewa ili dalili za kuteswa kabla ya hapo ziandikwe. Sharti hilo la mwisho linamlinda hata mtumishi wa kituo. Askari magereza aliyempokea kijana wa Lusu akiwa amevimba mgongo, na akaandika hivyo, hatabebeshwa baadaye yaliyofanywa na wengine.

Malalamiko, na maana ya sifuri

Ukaguzi huru nchini Tanzania unategemea zaidi Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hadi mwaka 2024 nchi ilikuwa haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, kwa hiyo haikuwa na chombo cha kudumu cha kutembelea vizuizi kinachotakiwa na itifaki ya mkataba huo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mateso na adhabu za kinyama, na Sheria ya Mtoto inarudia katazo hilo.

Mtoto anayeteswa nyumbani anaweza kupiga simu namba 116, inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Aliye selo hana simu. Malalamiko yake hupitia kwa mtumishi, na ndani ya gereza mara nyingi hupitia kwanza kwa nyapara, mfungwa aliyepewa usimamizi wa wenzake. Neno hilo lina historia ya Unyamwezi: wanyampara walikuwa wazee na viongozi wa makundi ya wapagazi katika misafara ya karne ya 19, waliogawa mizigo na posho na kuamua ugomvi kambini. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa zinakataza mfungwa kupewa mamlaka ya kuadhibu wenzake, kwa sababu hapo hakuna askari wa kuulizwa wala daftari la adhabu. Mtoto anayelala chumba cha watu wazima huwa chini ya nyapara kwanza na chini ya sheria baadaye.

Kwa sababu hiyo takwimu za malalamiko husomwa kinyume na kawaida. Kituo kisicho na lalamiko hata moja kwa mwaka huenda ni kizuri, au huenda ni mahali ambapo hakuna anayethubutu. Kituo chenye malalamiko 12, yenye tarehe na majibu, kimeonyesha angalau kwamba kuna anayepokea. Wakubwa wakiwapongeza wenye sifuri, madaftari yote hujaa sifuri mwaka unaofuata. Njia inayosaidia ni kulinganisha vyanzo visivyotegemeana: majeraha yaliyoandikwa hospitalini, PF3 zilizotolewa, vifo, na yale ambayo watoto wanawaambia wakaguzi wakiwa peke yao bila askari karibu.

Uchapishaji wa matokeo nao ulipita katika kipindi kigumu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kutoa takwimu zinazopotosha au kuzipinga zile rasmi, na mashirika mengi yalisita kutoa hesabu zao. Masharti hayo yaliondolewa 2019.

Usiri

Daftari linalomlinda mtoto linaweza pia kumwumiza. Jina lake likivuja, shule inaweza kumkataa na kijiji kumwita mwizi maisha yake yote, hata kama kesi ilifutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na zile za makosa ya jinai miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa kawaida takwimu hutolewa nje ya ofisi bila majina. Hata hivyo, katika kata ndogo hilo halitoshi. Ripoti ikisema kwamba mwaka fulani msichana mmoja wa miaka 14 kutoka kata fulani alikuwa kizuizini, kila mtu wa kata hiyo amekwisha kumjua. Ndiyo sababu idadi ndogo sana huunganishwa na za wilaya nzima kabla ya kuchapishwa.

Ndani ya mfumo hali ni tofauti, kwani huko utambulisho lazima ubaki. Mahakama ya Tanzania imekuwa ikihamishia mashauri yake kwenye mfumo wa kielektroniki, jambo linalorahisisha kuona kesi imekaa siku ngapi. Lakini shauri hufuatwa kwa namba ya kesi, na mtoto anaweza kukaa siku kadhaa polisi kabla namba hiyo haijazaliwa, au akaachiwa bila kuipata kabisa. Ili safari yote ya kijana wa Nzega ionekane, namba moja ingepaswa kuanza naye kwenye meza ya polisi na kumfuata mahakamani, gerezani au mahabusu, na hadi siku anapokabidhiwa kwa mzazi.

Zanzibar na nchi jirani

Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011, na wafungwa wake wako chini ya Chuo cha Mafunzo, siyo Jeshi la Magereza la Bara. Takwimu za Tanzania nzima kwa hiyo hupatikana tu kwa kujumlisha mifumo miwili.

Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai hadi miaka 12. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu imeuweka miaka 10, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alijua anatenda kosa. Shule za borstal za Kenya, kama Shimo la Tewa huko Mombasa na Shikusa huko Kakamega, ziko chini ya magereza, ilhali nyumba za rumande za watoto ziko chini ya idara ya huduma za watoto. Uganda nayo ina nyumba za rumande kama ile ya Naguru, Kampala, na kituo cha kitaifa cha Kampiringisa. Mwaka 2012 shirika la Penal Reform International lililinganisha sheria na sera za nchi nane kuhusu ukatili dhidi ya watoto walio mikononi mwa polisi na rumande, na Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi hizo.